Mbwa Asiye na Kazi

Mwanadamu hupima karibu kila kiumbe kwa faida yake. Ng'ombe hupimwa kwa maziwa, kuku kwa mayai, punda kwa mzigo, na paka kwa panya aliowakamata. Mbwa naye katika maboma yetu ana kazi yake ya tangu zamani: hubweka usiku mwizi anaponyemelea, hufuata mifugo malishoni, na msasi hatoki nyumbani bila yeye. Hata mgeni apendwaye, walisema wahenga, ni mgeni siku mbili. Siku ya tatu apewe jembe. Basi tumweke wapi mbwa yule mdogo mwenye manyoya tele, asiyeweza kumtisha mwizi wala kumkimbiza sungura? Hakuna jembe dogo la kutosha kumpa. Kazi yake ni moja tu, nayo ni kukaa karibu na mtu. Je, ni haki kumlisha, kumwosha, kumchana na kumpeleka kwa daktari, katika nchi ambamo wako watoto walalao na njaa?

Swali hili si la mzaha, wala halifai kujibiwa kwa kicheko. Nakiri kwamba kwa muda wa miaka mingi nilikuwa na jibu lake tayari, na jibu lenyewe lilikuwa "La." Nilikuwa na sababu.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa mtumishi wa nyumbani jijini Nairobi. Katika nyumba ile alikuwamo mbwa mdogo mweupe, aliyepikiwa nyama kila siku. Mimi na ndugu zangu tulionja nyama siku za sikukuu. Nilipofika umri wa miaka tisa nilishikwa na homa kali. Mama akaomba ruhusa ya siku moja anipeleke zahanati. Akanyimwa, kwa kuwa siku ile ilikuwa siku ya kumwosha mbwa na wageni walikuwa wanatazamiwa. Jirani ndiye aliyenibeba. Nilipona homa, lakini chuki haikupona. Tangu hapo kila nilipomwona mbwa wa namna ile amebebwa kifuani kama mtoto mchanga, niliona amekalia mahali pangu.

Miaka ikapita, nikawa mwalimu katika chuo cha ualimu. Karibu na nyumba yangu aliishi mjane mmoja, mwalimu mstaafu, ambaye watoto wake walikuwa wamekwenda mbali kutafuta riziki. Alikaa na mbwa jike wa aina iitwayo Malta, jina lake Pamba. Jina lilimfaa. Alikuwa mweupe mwili mzima, mwenye macho meusi ya mviringo na pua nyeusi kama punje ya choroko iliyoungua, na uzito wake haukuzidi kilo 4. Siku moja yule mama aliitwa hospitali kwenda kupasuliwa goti. Alinijia jioni, Pamba kwapani na karatasi mkononi.

"Mwalimu," akasema, "nakuomba unitunzie huyu mpaka nirudi. Kila kitu nimekiandika hapa."

Adabu ilinizuia kukataa. "Nenda kwa amani, Mama," nikamjibu. "Ugua pole."

Nilimpa Pamba chakula, nikampa maji, nikadhani wajibu wangu umekwisha. Karatasi ilisema kwamba achanwe kila siku. Nikaona huo ni upuzi. Nani amewahi kumchana mbwa wa kijijini? Siku kumi zikapita. Nywele za nyuma ya masikio na za makwapani zikasokotana, zikashikana, zikawa ngumu kama kipande cha jamvi, na kila alipogeuza shingo fundo lilivuta ngozi. Akaanza kuacha chakula na kujificha chini ya kiti. Hakulia. Kama angalilia, ningalijua. Kumbe wako viumbe ambao maumivu yao hayana sauti, na mwenye kuwatunza asipoangalia kwa macho hatasikia kwa masikio.

Jumamosi ile mama yangu alikuja kunitembelea. Alipomwona Pamba hakuuliza neno. Aliketi, akampakata, akaagiza chanuo na mkasi. Akaanza kufungua fundo moja moja, kwanza kwa vidole, kisha kwa chanuo, akianzia nchani na huku amezishika nywele karibu na shina ili ngozi isivutwe. Fundo lililoshindikana alilikata, lakini kwanza alipitisha chanuo baina ya ngozi na mkasi, asije akamjeruhi. Chini ya fundo moja ngozi ilikuwa nyekundu na imechubuka. Mikono yake ilifanya kazi kama ya mtu anayeijua. Nami nikakumbuka mahali alipojifunza, na hasira yangu ya zamani ikaamka.

"Mama," nikamwuliza, "wawezaje kumtunza mbwa wa namna hii, baada ya yale yaliyotupata?"

Akajibu bila kuinua uso: "Mwanangu, mbwa yule hakuninyima ruhusa. Aliyeninyima ni mwenye mbwa."

Nimelifikiri jibu hilo mara nyingi, na kadiri nilifikirivyo ndivyo ninavyoona kwamba nilikuwa nimechanganya mashauri mawili. Shauri la kwanza ni hili: je, mtu ana haki ya kumpa mnyama kile alichomnyima mtu mwenzake aliyemstahili? Jibu lake ni wazi: hana. Shauri la pili ni hili: je, wema atendewao mnyama ndio unaowafanya watu wakose? Hapo jibu si wazi hata kidogo, na wengi wetu tumelitoa bila kulipima.

Tutazame tukio moja linalojulikana duniani kote. Usiku wa tarehe 14 kuamkia 15 Aprili mwaka 1912, meli iliyoitwa Titanic iligonga mlima wa barafu katika bahari ya Atlantiki, ikazama. Watu wapatao 1,500 walikufa. Katika waliookoka walikuwamo mbwa watatu, wote wadogo: wawili wa aina ya Pomeranian na mmoja wa aina ya Pekingese, waliobebwa na wenyewe katika mashua. Asikiaye habari hii mara ya kwanza huona uchungu, akasema: mbwa wameokoka, watu wamekufa! Lakini ukichungua zaidi utaona kwamba mashua kadhaa ziliondoka usiku ule zikiwa na nafasi tupu nyingi, na kwamba meli yenyewe haikuchukua mashua za kuwatosha watu wote. Mbwa wale walikaa mapajani. Viti vilivyokosa watu havikuchukuliwa na mbwa. Viliachwa wazi na watu. Ndivyo yalivyo mambo mengi. Mtoto alalaye na njaa mara chache sana hulala hivyo kwa sababu mbwa amekula. Hulala hivyo kwa sababu ya mshahara mdogo, ukame, choyo na uzembe. Na siku mbwa wote wadogo watakapotoweka, mambo hayo manne yatabaki palepale.

Yuko atakayesema: hata hivyo, kumpenda mnyama asiye na kazi ni anasa ya matajiri, nasi tumeiga kwa wageni. Nami niliamini hivyo. Lakini ardhi imehifadhi ushahidi mwingine. Mwaka 1914, mahali paitwapo Oberkassel karibu na mji wa Bonn katika Ujerumani, wachimba mawe walifukua kaburi la mwanamume na mwanamke waliozikwa miaka ipatayo 14,000 iliyopita. Pamoja nao ilikuwako mifupa ya mbwa mchanga, mwenye umri wa miezi kama saba. Wataalamu walioyachunguza meno yake waliona alama za ugonjwa mkali, nao wanaudhani kuwa ni distempa, ugonjwa uuao watoto wa mbwa hata leo. Mbwa yule aliugua kwa majuma kadhaa, na wataalamu hao wanasema asingeweza kuishi muda ule bila kupewa maji, joto na usafi. Katika siku zile hakuweza kuwinda wala kulinda. Waliomwuguza hawakuwa matajiri. Walikuwa wawindaji wa zama za barafu, wasio na ghala wala fedha. Basi huruma kwa mbwa asiye na kazi haikuanzia katika nyumba zenye mazulia. Ni ya zamani kuliko nyumba.

Tena iko hoja nyingine, nayo kwangu ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Mbwa mdogo mwenye manyoya hakujifanya alivyo. Mbwa wote wametokana na mbwa-mwitu, mnyama awezaye kujilisha, kujilinda na kujisafisha. Ni mwanadamu aliyechagua, kizazi baada ya kizazi, aliye mdogo amzalishe na aliye mdogo, mwenye nywele ndefu na mwenye nywele ndefu. Kazi hii ni ya siku nyingi: Aristotle, mwanafalsafa wa Uyunani aliyefariki mwaka 322 kabla ya Kristo, alikwisha kumtaja mbwa mdogo wa Melite. Hata hivyo sura ya Malta tumjuaye leo ilikamilishwa hasa na wafugaji wa Ulaya katika karne ya 19. Matokeo yake ni mnyama ambaye nywele zake huendelea kukua kama za kichwa cha mtu, wala hazipukutiki upesi kama za mbwa wengine. Umwache porini, nywele zitamfumba macho na kumfunga miguu. Umnyime mtu wa kumchana, vazi lake lenyewe litakuwa pingu yake.

Wanafalsafa wamebishana juu ya wajibu wetu kwa wanyama. Immanuel Kant wa Ujerumani, aliyeishi kati ya mwaka 1724 na 1804, alifundisha kwamba hatuna wajibu kwa mnyama mwenyewe. Lakini alionya kwamba anayezoea kumtesa mnyama huufanya moyo wake kuwa mgumu hata kwa watu. Jeremy Bentham wa Uingereza, katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1789, aliona kwamba la kuuliza si kama mnyama ana akili au usemi, bali kama aweza kuumia. Mimi ni mwalimu tu, si mwanafalsafa, lakini juu ya mbwa huyu naona sababu iliyo karibu zaidi kuliko hizo mbili. Tumemfanya mhitaji, kwa hiyo mahitaji yake ni deni letu. Mtu akimvunja mwenzake mguu, kumchukulia mzigo si hisani tena, ni malipo. Na dawa ya deni ni kulipa.

Malipo yenyewe ni yapi? Mapenzi ya maneno hayamo. Malipo ni dakika kumi au kumi na tano za chanuo kila siku, siku ya jua na siku ya mvua, siku unayotaka na siku usiyotaka. Ni kumwosha kwa maji ya uvuguvugu na kumkausha mpaka shinani, maana unyevu ukibaki huleta ugonjwa wa ngozi. Ni kupangusa macho yake, kupiga meno yake mswaki, kwa sababu mbwa wadogo huharibika ufizi upesi, na kukata kucha kabla hazijapinda. Katika nchi yetu ni kutafuta kupe na viroboto kila siku kwa vidole, hasa masikioni na kati ya vidole vya miguu, na kuangalia funza mahali wanapopatikana. Ni kumnyima vitu ambavyo macho yake yanaviomba: chokoleti, zabibu, vitunguu, na mifupa ya kuku iliyopikwa, ambayo huvunjika vipande vyenye ncha. Mchelea mwana kulia hulia yeye, na mchelea mbwa kusikitika atamzika mapema.

Malipo hayo yana fungu la majirani pia. Kichaa cha mbwa, ambacho katika Kenya kilithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912 karibu na Nairobi, hukadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia. Ugonjwa huo hautazami ukubwa wa mbwa. Anayeona chanjo ya kila mwaka ni gharama isiyohitajiwa kwa kuwa mbwa wake ni mdogo, ameweka hatari katika mikono ya watoto wa jirani. Kadhalika, wako ndugu zetu Waislamu, hasa wa madhehebu ya Shafi yaliyoenea Pwani, wanaohesabu mate ya mbwa kuwa najisi. Mwenye mbwa hana budi kuheshimu jambo hilo, asimwachie arukie kanzu ya mtu aendaye kusali. Lakini tusidhani kwamba najisi na ukatili ni kitu kimoja. Katika mapokeo ya dini hiyo hiyo imo habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akateka maji kwa kiatu chake, akamnywesha mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu. Naye akasamehewa dhambi zake. Mtu aweza kujitenga na mbwa na bado akamhurumia.

Nimesema mengi ya kumtetea mbwa; sasa niseme ya kumwonya mwenye mbwa. Upendo nao una makosa yake. La kwanza ni kumfanya pambo. Mwaka 1860 majeshi ya Uingereza na Ufaransa yaliteka nyara Kasri ya Kiangazi karibu na Beijing. Miongoni mwa vitu vilivyochukuliwa walikuwamo mbwa wadogo wa Kichina, na mmoja alipelekwa kwa Malkia Victoria, akaitwa Looty, jina litokalo katika neno la Kiingereza la nyara. Leo hatuvamii makasri, lakini wako wanunuao mbwa kama waliotwaa nyara: wampige picha, wamwonyeshe, na sifa zikichuja wamwache mlangoni pa mtu mwingine. Mbwa huyu huishi miaka 12 hadi 15, pengine na zaidi. Kijana wa miaka 15 ampokeaye leo, atakuwa karibu na miaka 30 siku ya kumzika. Asiyeweza kuahidi hivyo asimchukue. Kutomchukua si kosa, bali kumwacha njiani ndilo kosa.

Kosa la pili ni kusahau daraja. Nyumba ikiungua, mtoto hutolewa kwanza, hata kama mtoto ni wa jirani na mbwa ni wako. Na kabla ya kununua mkebe wa chakula cha mbwa, mwenye nyumba na atazame mshahara wa anayeufungua mkebe huo. Ikiwa mtumishi wake anakwenda kulala na njaa, au hawezi kumpeleka mwanawe zahanati, basi deni la kwanza halijalipwa, na wema afanyao kwa mbwa umejengwa juu ya dhuluma. Simlaumu mbwa. Lakini simsamehi mwenye mbwa mpaka alipe yote mawili, na kulipa yote mawili kwawezekana. Moyo si kibaba cha unga ambacho akipimiwa mmoja hupunguka kwa mwingine. Fedha hupunguka, saa hupunguka, na hizo yapasa zigawanywe kwa haki. Lakini huruma ni kama mkono wa mkulima, ambao kazi huuzidishia nguvu. Mama yangu alinyimwa huruma katika nyumba ile ile alimojifunza kuitenda, naye hakuichukua hasara hiyo kuwa sababu ya kumwachia Pamba mafundo yake.

Jirani yangu alirudi baada ya majuma matatu, akitembea kwa magongo. Siku zilizosalia nilikuwa nimemchana Pamba kila jioni, kwanza kwa aibu, kisha kwa mazoea, na mwisho kwa furaha ambayo sikuitazamia. Hata hivyo nyuma ya sikio la kushoto palikuwa na upara mdogo mahali mama alipokata. Yule mama alipapapasa kwa kidole, akanitazama. Nilimweleza kweli yote: karatasi niliyoidharau, siku kumi, na kidonda.

Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Nywele zitaota, Mwalimu."

Nywele ziliota. Lakini nafikiri ni vema kwangu kuukumbuka upara ule. Nilikuwa nimemhukumu mbwa yule kwa kuwa hana kazi, na kumbe kazi ilikuwapo, nayo ilikuwa yangu. Kiumbe mwenye nguvu hatuonyeshi tulivyo, maana tunamtendea vema kwa hofu au kwa faida. Asiye na nguvu, asiye na faida, asiyeweza hata kulia, huyo ndiye kioo chetu. Ewe msomaji kijana, utapewa vingi vya namna hiyo maishani: mtoto mchanga, mzee aliyesahau jina lako, mgonjwa asiyeweza kushukuru. Huenda hutapewa mbwa kamwe. Lakini ukipewa, usiulize atakufanyia kazi gani. Chukua chanuo.